Kwa nini jogging ya Jumamosi haiondoi kitambi, na kwa nini usiiache

Mwaka jana nilipeleka suruali tatu kwa fundi wangu pale Kariakoo, azitoe kidogo kiunoni. Amenishonea tangu nikiwa kijana, kwa hiyo mwili wangu anaujua kuliko madaktari wengi. Akaigeuza ya kwanza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono wa nyuma, pale mafundi wanapoacha kitambaa cha akiba.

"Kaka, hii nilishaitoa mara mbili. Humu hakuna kitambaa tena."

Akazungusha futi kiunoni kwangu: sentimita 104. Suti yangu ya harusi aliishona kwa 84. Nina miaka 47. Aliponiona nimenyamaza akaongeza kwa upole, "Ni umri huo, kaka. Sote tunakwenda huko."

Hakusema jambo geni. Katika mji huu kitambi cha mtu mzima kinapokelewa kama mvi, kitu kinachokuja chenyewe. Tena wengi wetu tumelelewa kukiona kuwa dalili njema. Mtu akinenepa anaambiwa amependeza, maisha yamemkubali. Akipungua, watu wanaulizana pembeni anaumwa nini. Tuliokuwa vijana miaka ya tisini tunajua woga huo ulitoka wapi. Tulizika ndugu na marafiki waliokonda mbele ya macho yetu, na tangu hapo kupungua hakujawahi kuwa habari njema masikioni mwa watu wa rika langu. Hilo nalielewa. Lakini kauli ya fundi ilinikaa moyoni, nikaanza kuuliza na kusoma: je, ni umri kweli?

Jibu ni ndiyo na hapana, na tofauti kati ya hayo mawili ndiyo inayoamua mtu afanye nini.

Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha utafiti uliokusanya vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia vichanga wa siku nane hadi wazee wa miaka 95. Watafiti walitaka kujua mwili unatumia nishati kiasi gani kwa siku katika kila hatua ya maisha. Wengi tunaamini kwamba ukifika miaka 35 au 40 mwili unapoa, na chakula kilekile ulichokula ukiwa na miaka 25 sasa kinageuka mafuta. Vipimo havikuonyesha hivyo. Ukizingatia ukubwa wa mwili na kiasi cha nyama yake isiyo mafuta, matumizi ya nishati hayashuki kati ya miaka 20 na 60. Yanaanza kushuka baada ya 60, tena polepole, chini ya asilimia moja kwa mwaka.

Kwa hiyo mtu wa miaka 47 hawezi kusema moto wa mwili wake umezimika. Lakini soma tena maneno yale: ukizingatia nyama isiyo mafuta. Hapo ndipo umri unapoingia. Kuanzia miaka ya thelathini, mtu asiyeitumikisha misuli yake hupoteza kati ya asilimia tatu na nane ya misuli hiyo kila miaka kumi. Hapotezi kwa siku moja, wala haumwi. Anashangaa tu kwamba gunia la mkaa alilolibeba zamani sasa anaita kijana. Misuli ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya sukari itokayo kwenye chakula. Ikipungua, sukari inakosa pa kukaa, na mwili unaiweka pengine. Mizani inaweza kusoma kilo zilezile kwa miaka kumi huku ndani nyama imetoka na mafuta yamechukua nafasi yake.

Kwa wanawake kuna jambo la ziada, na wanaume tulisikilize pia. Dada yangu, mwenye miaka 52, aliniambia: "Mdogo wangu, nakula kama siku zote. Lakini gauni linabana tumboni, na mapajani linapwaya." Hakuwa anajidanganya. Miaka ya kuelekea ukomo wa hedhi, ambao kwa wengi huja kati ya miaka 45 na 55, homoni ya estrojeni inashuka. Homoni hiyo ndiyo iliyokuwa ikielekeza mafuta yakae nyongani na mapajani. Ikipungua, mafuta yanahamia tumboni, hata kama kilo hazijaongezeka sana. Kumwambia mwanamke wa umri huo kwamba amekuwa mvivu au mlafi ni kumdhulumu.

Kisha kuna maisha yenyewe, na hapa Dar ndipo uzito mkubwa ulipo. Mtu wa miaka 45 ndiye mwenyekiti wa kikao cha harusi, mjumbe wa kamati ya msiba, mgeni rasmi kwenye kipaimara au maulidi. Kila kikao kina soda, kila shughuli ina pilau. Ndiye aliyepandishwa cheo akatoka kwenye kazi ya kuzunguka akawekwa kwenye kiti. Na kama amejaliwa gari, miguu yake inagusa lami kutoka maegesho hadi lifti. Asiye na gari naye zamani alitembea dakika ishirini kutoka kituoni hadi nyumbani; siku hizi bodaboda inamsubiri pale anaposhuka na kumfikisha mlangoni. Kwa maoni yangu, hatua zile za jioni ambazo hakuna aliyeziita mazoezi ndizo hasara kubwa tuliyoipata, na hakuna aliyeiona ikitokea.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulikuta kwamba takriban robo ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na uzito uliozidi, na waliokuwa na shinikizo la juu la damu nao walikuwa takriban robo. Mwishoni mwa 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alihimiza kila Jumamosi ya pili ya mwezi iwe siku ya mazoezi. Mji uliitikia. Vikundi vya jogging vilikuwepo tangu kabla, hasa Temeke na Kinondoni, lakini sasa hakuna mtaa usio na fulana zake na nyimbo zake. Saa kumi na mbili asubuhi utawakuta barabarani wakiimba, mama wa miaka 60 yumo, kijana wa chuo cha ufundi cha VETA yumo. Mimi nimo kwenye kimojawapo. Ni kati ya vitu vizuri zaidi ambavyo watu wa mji huu wamejitengenezea kwa mikono yao.

Na bado, wengi wetu hatupungui. Tunakimbia mwaka mzima, kitambi kiko palepale, na mwisho mtu anakata tamaa, anaacha.

Tupige hesabu. Mtu wa kilo 80 akikimbia kilomita sita anatumia kama kalori 480. Kilo moja ya mafuta mwilini ina akiba ya kalori zipatazo 7,700. Kwa kukimbia Jumamosi peke yake, bila kubadilisha kitu kingine chochote, anahitaji Jumamosi kumi na sita ili apunguze kilo moja. Hiyo ni miezi minne, tena kwa sharti kwamba mbio zikiisha asipite kwenye supu. Lakini tunapita. Supu yenyewe si tatizo kubwa. Zile chapati mbili zilizokaangwa zikang'aa zinatosha kurudisha karibu nishati yote iliyotoka barabarani, na bia ya nusu lita inaongeza kalori kama 200.

Jambo la ndani zaidi liligunduliwa hapahapa nchini. Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi wanawinda, wanachimba mizizi, wanarina asali. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, mtafiti wa Marekani Herman Pontzer na wenzake waliwapima watu wazima 30 kwa kuwanywesha maji yaliyowekewa alama ya kikemia. Alama hizo zikifuatiliwa kwenye mkojo zinaonyesha mwili umechoma nishati kiasi gani kwa siku kadhaa. Wanaume walikuwa wakitembea zaidi ya kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu sita. Kila mmoja alitarajia wawe wanachoma nishati nyingi kuliko watu wa mijini Marekani na Ulaya. Hawakuwa hivyo. Ukilinganisha watu wa mwili sawa, matumizi yalikaribiana na ya mtu wa ofisini.

Nilipoyasoma hayo mara ya kwanza nilidhani ni kosa la uchapaji. Maelezo ambayo Pontzer anayapendekeza ni kwamba mwili unaishi kwa bajeti. Ukitumia zaidi kwenye kutembea, unabana kwingine: kwenye uvimbe wa ndani kwa ndani (kinga ya mwili inapowaka bila sababu), kwenye homoni za msongo, kwenye shughuli ndogondogo tusizoziona. Wataalamu bado wanabishana ubanaji huo una ukubwa gani, lakini somo la kila siku linabaki: mazoezi peke yake ni njia dhaifu ya kupunguza kilo. Kilo zinaamuliwa zaidi jikoni.

Basi tuache kukimbia? Hapana, na ninalisema hili kwa uzito wote. Angalia mwili unabana wapi. Uvimbe wa ndani na msongo ndivyo vinavyochosha mishipa na moyo. Ikiwa mazoezi yanaufanya mwili uvipunguze, basi yanafanya kazi yake hata siku ambayo mizani haikusogea.

Ushahidi wa zamani wa jambo hili unamhusu dereva na konda. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jerry Morris, alichapisha matokeo yake kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya London, yale ya ghorofa. Dereva alikaa siku nzima. Konda alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Familia zao zilikuwa za hali moja, mishahara ikikaribiana. Madereva waliugua moyo zaidi ya makondakta, na walipougua walikufa zaidi. Morris akaenda mbali: alichukua vipimo vya sare za kazi, akakuta suruali za madereva zina viuno vipana kuliko za makondakta wa umri uleule. Nikamkumbuka fundi wangu na kidole chake kwenye mshono. Lakini Morris aliendelea kufuatilia, na miaka kadhaa baadaye akaonyesha kwamba kiuno hakikueleza kila kitu. Hata ukilinganisha wenye kiuno kilekile, konda alikuwa salama zaidi. Kupanda ngazi kulikuwa na faida yake mbali na unene. Morris mwenyewe aliendelea kufanya mazoezi na akafariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

Kwa hiyo tusichanganye mambo mawili. Chakula ndicho kinachoshusha kilo. Mwendo na nguvu ndivyo vinavyolinda moyo, sukari, magoti na akili, na ndivyo vinavyohakikisha kwamba kinachotoka ni mafuta, si nyama. Anayefanya la kwanza tu anakonda na kulegea. Anayefanya la pili tu anakuwa mkimbiaji mwenye kitambi, ambaye kwa kweli ana afya kuliko jirani yake aliyekaa, lakini anajiona ameshindwa.

Mizani nayo inadanganya. Wiki ya kwanza ya kukata ugali mtu anashuka kilo mbili au tatu, anashangilia. Sehemu kubwa ni maji: mwili huhifadhi wanga kidogo kwenye ini na misuli, na kila gramu ya wanga hiyo hushikilia kama gramu tatu za maji. Anayekimbia amevaa koti la nailoni kwenye joto la Dar anatoa maji vilevile, na kwa mtu mwenye presha hilo ni hatari. Chukua futi badala yake. Pima katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, ukishatoa pumzi, bila kuvuta tumbo ndani. Kwa mwanaume, kuanzia sentimita 94 hatari inaanza kupanda. Kwa mwanamke, 80. Njia rahisi zaidi ni kwamba kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Mwenye sentimita 170 awe chini ya 85. Kinachopimwa hapo ni mafuta yaliyozunguka ini na utumbo, ambayo ndiyo yanayoleta kisukari na presha kuliko yale unayoweza kuyafinya kwa vidole. Habari njema ni kwamba hayo ya ndani ndiyo huanza kutoka mtu akianza kujishughulisha.

Jikoni nitasema kwa ufupi, kwa sababu chakula chetu si kibaya. Maharage, dagaa, mchicha, matembele, samaki wa Feri: hakuna sababu ya mtu wa Tandika kutafuta chakula cha ajabu cha duka kubwa. Mambo matatu ndiyo yanayotuharibia. La kwanza ni mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori kama 120, na sisi tunamimina kutoka kwenye dumu kwa kukadiria kwa jicho. Kupima kwa kijiko kulitosha kubadilisha sufuria yetu nyumbani. La pili ni sukari ya kunywa: soda ya chupa ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko tisa vya chai, na haishibishi. La tatu ni mpangilio wa sahani. Ugali unakuwa mlima na dagaa wanakuwa kitoweo cha kusindikizia. Geuza. Mwili unaozeeka unahitaji protini zaidi ili ushike misuli yake, si pungufu. Gramu 100 za dagaa wakavu zina protini zaidi ya gramu 50, na kwa bei ni vigumu kupata kinachozishinda.

Usikate chakula kwa ghafla kupita kiasi. Mwaka 2016 mtafiti Kevin Hall na wenzake walichapisha vipimo vya washiriki 14 wa shindano moja la televisheni la kupunguza uzito huko Marekani. Walipunguza kwa wastani kilo 58 kwa miezi michache. Miaka sita baadaye walikuwa wamerudisha takriban kilo 41, na miili yao ilikuwa ikichoma karibu kalori 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa kwa ukubwa wao. Nusu kilo kwa wiki inatosha. Na chai za kuondoa kitambi zinazouzwa mitandaoni, nyingi ni dawa za kuharisha tu. Nyingine huko nje zimewahi kukutwa na sibutramine, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara yake kwa moyo. Dada zangu na kaka zangu, msiziguse.

Sasa nguvu, jambo tunalolisahau kuliko yote. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo unaokufanya uheme kidogo, pamoja na kazi ya misuli angalau siku mbili. Dakika watu wanazijua. Misuli wanadhani ni ya vijana wa gym. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone alichapisha jaribio lake na wazee wa miaka inayokaribia au kuzidi 90 waliokuwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Boston. Kwa wiki nane walinyanyua uzito kwa miguu, na nguvu za miguu hiyo ziliongezeka karibu mara tatu. Mtu wa miaka 47 hana cha kusingizia.

Mimi nafanya hivi uani, Jumanne na Ijumaa. Nakaa kwenye kigoda na kusimama bila kushika kitu, mara kumi, napumzika, narudia mara tatu. Mwezi wa kwanza magoti yalilia. Mwezi wa tatu nilianza kushika ndoo ndogo ya maji kifuani. Lita tano ni kilo tano, hakuna haja ya kununua chuma. Kisha nasukuma ukuta, mikono ikizoea nashuka kwenye ukingo wa ngazi, mwisho chini kabisa. Ndoo mbili za lita kumi, moja kila mkono, natembea nazo kutoka bombani hadi geti na kurudi. Mama zetu walifanya hivyo kila siku ya maisha yao. Yote yanachukua dakika ishirini na tano. Maji ya bahari yakipwa Jumapili tunakwenda ufukwe wa Coco na mke wangu, kwenye mchanga ule mgumu wa chini, tunatembea saa nzima kabla jua halijawa kali.

Kilichonishinda kwa muda mrefu ni usingizi. Anayeishi Chanika akafanya kazi Posta anaamka saa kumi alfajiri ili akwepe foleni, anarudi saa mbili au tatu usiku akiwa na njaa ya siku nzima, anakula mlo mkubwa na kulala juu yake. Mwaka 2004 watafiti wa Chicago waliwalaza vijana 12 wenye afya kwa saa nne tu kila usiku, usiku mbili mfululizo. Homoni inayoleta njaa ilipanda, inayoleta shibe ilishuka, na hamu yao ikaelemea vitu vitamu na vya wanga. Hapo hakuna suala la utashi. Mtu asiye na usingizi anapigana na damu yake mwenyewe. Foleni siwezi kuiondoa. Nilichoweza ni kubeba mayai mawili na ndizi, nikala saa kumi na moja jioni kabla ya kutoka kazini, ili nyumbani nifike bila pupa na nilale mapema kwa nusu saa.

Kabla ya yote hayo nilipima presha na sukari, na naomba kila aliyepita arobaini afanye hivyo kabla hajaanza. Anayetumia dawa za kisukari azungumze kwanza na daktari wake, kwa sababu sukari inaweza kushuka ghafla akiwa barabarani. Anayehisi kubanwa kifua akipanda ngazi asikimbie hata hatua moja mpaka aangaliwe. Mimi sikuwa na dalili yoyote, na kipimo kilisoma 150 kwa 96.

Imepita miezi kumi na moja. Nimepungua kilo sita, kiuno kimefika 97, na tangu mwezi wa tano mizani imekataa kusogea. Juzi nesi alinifunga kile kitambaa mkononi, akasubiri, akanisomea: 128 kwa 82.